Nduba Wawili na Kichuguu cha Kasungami

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Hatimaye Mungu amenikumbuka. Nduba wawili wamejenga kiota Kasungami, kwenye mti ulio nyuma ya shamba la Mama Bwalya. Ndege wa zambarau, mabawa mekundu kama pilipili, mdomo wa manjano. Mwoga kuliko mwanafunzi aliyesahau somo.

Parokia inatafuta picha ya kalenda ya mwaka ujao. Mwisho wa kupeleka ni Jumamosi. Kalenda ya mwaka huu ina yungiyungi la Mutale, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Studio yake safi, adabu yake inachosha. Mimi, Godefroid Kalaba, miaka ishirini na moja ya kupiga picha za ubatizo, ndoa na pasipoti, tangu Januari nakula nikitazama yungiyungi la Mutale. Annie, mke wangu, ndiye aliyelitundika. Anasema linatuliza.

Nimefika Kasungami saa tisa mchana. Mutale alikuwa amekwisha kufika. Amekaa barazani, ugali wa bukari na mboga za lengalenga mbele yake, kamera magotini. Amenisalimu vizuri. Sikupenda.

Mama Bwalya ametupa sharti moja: tukae barazani, tungoje. Miaka miwili iliyopita mtu alitikisa tawi ili aone ndani ya kiota. Nduba wakahama, mayai yakapoa. Yeye mwenyewe aliyazika.

"Mule muko mayayi mbili," ameniambia, mimi peke yangu. "Papa Kalaba, nakujua."

Kungoja ni kazi ya watu wasio na akili.

Jumanne, 21 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimepata sauti ya nduba kwenye intaneti, nikaiweka katika simu, nikaificha simu kwenye majani hatua kumi kutoka kwenye mti. Dume amekuja mara moja, kifua mbele, tayari kupigana. Nimeinua kamera.

Hapo simu ikaita. Katibu wa kwaya, kuniuliza kama nitaleta viti. Mlio wangu ni tarumbeta.

Ndege wote wawili wametoweka. Mama Bwalya amesimama katikati ya shamba lake, akitazama mti. Dakika ishirini na mbili. Jike aliporudi juu ya mayai, mama huyo ameketi chini hapo hapo kwenye udongo, kama mtu aliyetua mzigo. Mimi pia nimeketi. Ni jua, nadhani.

Mutale amenipa maji. Amesema hata yeye simu yake humsumbua. Mnafiki.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimegundua tatizo. Nduba wanaogopa watu. Hawaogopi vichuguu, na Katanga yote ni vichuguu.

Kutwa nzima uani: fito, magunia, udongo mwekundu, nyasi juu. Tundu moja la kamera. Annie ameuliza ni nini. Nimemjibu ni pango la Noeli, la kanisa. Amefurahi sana, akanisaidia kushona magunia, akaniambia anaona nimeanza kukomaa. Dhambi ndogo. Nitaungama baada ya Jumamosi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeingia kichuguuni alfajiri, hatua sita kutoka kwenye mti. Hakuna aliyeniona. Saa mbili asubuhi mbuzi amekula nyasi zote za juu. Nimevumilia. Saa tatu vumbi limenishinda, nimekohoa.

Nimemsikia Mama Bwalya barazani akimwambia Mutale polepole, "Ile chulu haikukuwa pale jana. Na iko nakohola."

Mutale amejibu kwamba labda tuiache tu ipone.

Kisha kitu kimetua juu ya kichwa changu. Kizito, chenye kucha. Mbuzi tena, nimewaza. Nimetikisa kichwa, kikashikilia zaidi. Nimechungulia tundu: mti, kiota, jike. Dume hayupo. Nimelaani bahati yangu, kwani nimekuja kwa ajili ya dume.

Saa tano mvua ya kwanza ya msimu ikashuka, na si ya mchezo. Kichuguu kikaanza kuyeyuka. Udongo machoni, udongo kinywani, kamera imekufa mikononi mwangu. Nilitaka kukimbia. Lakini jike alikuwa mbele yangu, amefunua mabawa juu ya mayai yake, mvua inampiga, hahami. Kama ningesimama, angeruka, na mayai yangelowa.

Sikusimama. Kwa muda wa saa mbili na nusu. Sijui kwa nini ninaandika hili, kwa sababu halina faida yoyote.

Mvua ilipokatika, dume akaja kumpokea jike zamu. Mama Bwalya akanionyesha kwa mkono nitoke kinyumenyume, polepole. Ameniogesha kwa ndoo kama mtoto, akanipa bukari. Hakunigombeza. Hilo limenitia hofu zaidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Picha imechaguliwa. Ni ya Mutale.

Nduba dume, mabawa wazi, mekundu kabisa, amesimama juu ya kichuguu. Chini ya kichuguu, viatu viwili vya mtu. Padri amecheka mpaka akavua miwani. Kwaya imecheka. Annie hakucheka. Ameitazama picha muda mrefu, akauliza pango la Noeli liko wapi.

Mwaka mzima, kila ukuta wa parokia, viatu vyangu.

Mutale amenishika mkono mbele ya wote, akasema bila mimi picha isingekuwapo. Nimetafuta tusi ndani ya maneno hayo. Bado natafuta.

Jumatano, 29 Oktoba

Mama Bwalya ametuma habari: makinda wawili, wazima, wanapiga kelele. Nimesoma ujumbe mara nne. Annie ameanza kuzungumza nami tena.

Nimefikiri sana, kwa unyenyekevu. Kosa langu naliona sasa: kichuguu hakitembei.

Binamu yangu wa Kambove anasema kuna korongo wameatamia bwawani huko. Wanakimbia wakiona mtu, umbali wowote ule. Ng'ombe hawawaogopi hata kidogo. Ngozi nimekwisha kuipata, pembe pia. Ila ng'ombe ana miguu minne.

Kesho asubuhi nitavuka barabara, nimwombe Mutale awe miguu ya nyuma.