Kuhusu Viwiko vya Mjukuu Wangu Kwenye Mteremko wa Rodi

Wesley Omwenga,
Mzee wa Kanisa,
Soko la Uriri, Kaunti ya Migori.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kanuni za Mkao,
Shirikisho la Mbio za Baiskeli Ulimwenguni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na wazee wenzako wa kamati,

Nawasalimu kwa jina lake Yeye aliyeumba upepo kabla hajawaumba ninyi wa kuupima. Sisi hapa Uriri hatujambo. Mvua imenyesha kwa kadiri, na mahindi yamefika magotini.

Mimi ni mzee wa kanisa kwa mwaka wa thelathini na mmoja sasa, na muuzaji wa mbegu na majembe hapa sokoni. Si mtu wa kunung'unika. Katika maisha yangu nimeandika barua mbili tu za malalamiko: ya kwanza juu ya mbuzi wa jirani, ya pili juu ya spika za baa iliyojengwa mkabala na kanisa letu. Mbuzi alihamishwa, baa ingalipo. Nawaandikia hii ya tatu nikiwa na tumaini kwamba ninyi ni wasikivu kuliko mwenye baa.

Jumapili ya pili ya mwezi uliopita kulikuwa na mashindano ya baiskeli ya wanawake, kutoka hapa Uriri kupitia Rongo na Rodi, kuteremka hadi Homa Bay, kisha kufuata ziwa hadi Mbita. Timu moja ya kulipwa ya huko Ulaya ilimtuma wakala wake, naye akatangaza kwamba mshindi atapewa miezi mitatu ya mazoezi pamoja nao, na akiwaridhisha, mkataba. Nafasi ni moja. Kwa sababu hiyo mbio zilifuata kanuni zenu neno kwa neno. Mjukuu wangu Beverlyne Bonareri, binti wa miaka ishirini na miwili anayeuza nyanya mbele ya duka langu, alifika Mbita wa kwanza, akimwacha Scovia Gisiri wa kule mpakani kwa urefu wa ng'ombe wawili na plau yao. Akapewa soda. Kabla hajaimaliza soda hiyo, aliambiwa kwamba amekuwa wa mwisho.

Kosa lake, kama nilivyoelezwa, ni kwamba alipokuwa akiteremka kutoka Rodi alilaza mikono juu ya usukani, tangu viwiko hadi viganja, akafumbata vidole na kuinamisha kichwa. Kanuni yenu yataka mwendeshaji aushike usukani kwa viganja, wala asiuegemee kwa mikono, kwa kuwa afanyaye hivyo hukata upepo isivyo haki na kuhatarisha maisha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Beverlyne hakuwa akikata upepo. Alikuwa akiomba.

Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Kwa miaka kumi na minne niliuza vitabu vya dini kwa baiskeli, sanduku likiwa kwenye keria, kutoka Uriri hadi Kosele, na kutoka Kosele hadi Mbita. Kanisa liliniagiza niombe kabla ya kuingia katika kila soko. Lakini mtu akishuka kuomba kabla ya kila soko, atafika wanunuzi wamekwisha kwenda makwao. Nikaona kwamba mahali pafaapo ni mteremkoni, ambapo miguu haina kazi. Nililaza mikono usukanini, nikafumbata vidole, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kwamba baiskeli iliongeza mwendo, hilo nililiona, nikalihesabu miongoni mwa baraka. Beverlyne alipokuwa mdogo nilimpakia kwenye keria ile, naye akaona, akashika.

2. Mwamuzi amejifanya mpimaji wa mioyo.

Mwamuzi mwenyewe ni Bwana Nyangau, ambaye pia ni shemasi katika kanisa letu. Nilikwenda kwake kwa heshima, nikakaribishwa chai, tukaulizana hali za nyumbani, ndipo nikamweleza habari ya maombi. Akanionyesha picha iliyopigwa kwa simu, akasema taratibu, "Mzee, mtu anayeomba hufumba macho. Huyu alikuwa anaangalia kona."

Waheshimiwa, yule mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi aliomba akiwa amesimama mbele ya kiti cha enzi, macho wazi, kwa maana angeyafumba angemmwagia mfalme divai. Na yule nabii wa Mlima Karmeli je? Aliinama hata nchi, akaweka uso wake kati ya magoti. Nimeuchora mkao huo katika karatasi niliyoiambatanisha, nanyi mwaweza kuulinganisha na picha ya Beverlyne. Mtaona kwamba mjukuu wangu aliinama kwa kiasi. Tena nabii huyo, akiisha kuinuka, alipiga mbio akalitangulia gari la mfalme lililovutwa na farasi, mpaka mjini. Nimeisoma sura ile zaidi ya mara mia. Sijaona mahali nabii aliporudishwa nyuma ya farasi.

3. Mnasema mkao huu ni wa hatari. Siku ile ile, katika barabara ile ile, gari la waamuzi lilisimama pale Rodi kumpisha mtu aliyebeba kwa baiskeli kitanda cha mbao, godoro, na mkewe juu ya godoro. Hakuandikiwa kosa lolote. Bwana Nyangau alimpungia mkono. Zaidi ya hayo, wachuuzi wa Mbita wauzao omena, wale dagaa wa ziwani, hulala juu ya usukani kila siku ya Mungu, gunia likiwa nyuma yao, kwa sababu upepo wa ziwa wa saa nane mchana ukimkuta mtu ameketi wima humrudisha Homa Bay. Hawa hawajawahi kusoma kanuni zenu. Je, mtawaweka nyuma ya nani?

4. Kuhusu soksi sina malalamiko, nina swali. Nimeambiwa kwamba kanuni zenu zinaweka kikomo cha urefu wa soksi, zisipite nusu ya mguu kati ya kifundo na goti, na kwamba waamuzi hupima, na waendeshaji hutii. Sisi hapa tumejaribu kuweka kikomo cha urefu wa sketi za kwaya kwa miaka thelathini. Tumehubiri, tumeunda kamati, hata Mama Marcella wa kina mama alikuja na futi ya fundi cherehani, na bado hatujafaulu. Kama mna mwongozo, tafadhali tutumieni nakala mbili.

5. Hukumu hii imeingia kanisani.

Tangu habari zienee, waumini wetu wameanza kuchunguzana mikao. Sabato ya kabla ya hii iliyopita vijana waliomba wakiwa wameketi wima kama vigingi, wakisema kwamba hawataki kushukiwa kujipatia faida. Nami, kwa kuwa ni wajibu wangu kuchunga haki, nilimtazama shemasi Nyangau wakati wa ombi refu. Alikuwa ameegemea benchi la mbele kwa mikono yote miwili, tangu viwiko hadi viganja. Aliomba dakika kumi na moja bila kuchoka, huku sisi tuliopiga magoti bila msaada tukitetemeka. Nimependekeza kwa baraza la kanisa kwamba ombi lake lihesabiwe la mwisho. Baraza bado linatafakari. Mke wangu Eucabeth amenishauri niende nikalale.

6. Hili la sita ndilo zito. Beverlyne hanung'uniki. Huamka, hupanga nyanya zake mafungu mafungu, huipangusa baiskeli na kuirudisha ndani. Wala hatangazi tena nyanya zake kwa sauti. Nilimwuliza mbele ya bibi yake, aniambie kweli, alikuwa akiomba nini pale mteremkoni.

Akasema, "Babu, niliomba tu nifike mbele ya Scovia."

Waheshimiwa, huo ni ushahidi. Hakusema alitaka kufika, alisema aliomba. Na ombi lilijibiwa. Kamati yenu, kwa kumweka wa mwisho, imelibatilisha jibu lililotolewa na mamlaka iliyo juu kuliko yenu, bila hata kusikiliza upande wa pili. Tena kama kuna aliyekosa, ni mimi, niliyeitumia njia hiyo miaka kumi na minne pasipo mwamuzi kuniona. Niwekeni mimi wa mwisho. Nimezeeka, hapo panaweza kunifaa.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima: kwanza, mrudishieni Beverlyne nafasi yake kabla wakala hajakamilisha safari ya mwingine. Pili, ongezeni katika kanuni yenu maneno haya: "isipokuwa mwendeshaji awe katika maombi." Tatu, kila mashindano yawe na mchungaji atakayeketi katika gari la waamuzi ili kutambua roho. Nne, kama hayo hayawezekani, basi upepo na uondolewe barabarani, ili pasiwe na wa kuukata. Najua hili la mwisho ni gumu. Lakini mtu aliyeweza kutunga sheria ya soksi asikate tamaa mapema.

Barua hii niliisoma mbele ya kanisa lote Sabato iliyopita, ikaungwa mkono kwa mikono iliyoinuliwa, isipokuwa ya shemasi mmoja. Wanawasalimu wote: kwaya, kina mama, na mchungaji. Eucabeth anawasalimu pia na kuuliza kama huko kwenu mna nyanya. Wasalimuni wake zenu, waume zenu, na watoto, na yeyote mwenye ufunguo wa kabati la kanuni.

Ni mimi mtumishi wenu katika subira,

Wesley Omwenga.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mambo mawili yametokea. Wakala wa timu amepiga simu kwamba, kwa ajili ya mzozo huu, Beverlyne na Scovia watashindana tena wao wawili, kutoka Rodi hadi Mbita, Jumapili ijayo, na atakayetangulia ndiye atakayechukuliwa. Tulishukuru sana. Jana alasiri nilikwenda Rodi kuukagua mteremko. Scovia alinipita kama mshale, mikono imelala usukanini, vidole vimefumbatwa, kidevu kimegusa chuma. Huyu binti ana mgongo mrefu, na akiinama haonekani. Chini ya mteremko nilimwuliza, mwanangu, ni mtindo gani huo? Akanisalimu kwa adabu, akasema, "Ninaomba, Mzee. Shangazi yangu Priscilla alikuwa kanisani mkisoma barua. Aliniambia inaruhusiwa."

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mkiipokea barua hii msiifungue kabla ya Jumatatu. Kanuni yenu nimeisoma upya kwa utulivu, nikaiona ni njema na yenye kulinda maisha. Shemasi Nyangau ni mtu wa haki. Mwacheni asimamie mteremko wote, na mwongezeeni simu ya pili. Beverlyne ataomba akishafika.