Malalamiko Kuhusu Lango la Msitu wa Pinnock Kuniharibia Ugomvi Wangu

Nether Ashcombe,
Jumatano, mwanzoni mwa Mei.

Kwa Bi Rosalind Catchpole,
Katibu, Kamati ya Marafiki wa Msitu wa Pinnock.

Ndugu Katibu,

YAH: LANGO LENU KUNIHARIBIA UGOMVI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba paka wako amepona lile jicho. Mimi ni mzima kiasi, ukiacha mafua niliyoyapata jana msituni kwenu. Sikuyaingiza katika malalamiko kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamikalalamika.

Unanifahamu. Ni mimi Norman Pocock, mkaguzi mstaafu wa mizani, yule anayeimba sauti nzito kwenye kwaya na kukohoa wakati wa mahubiri. Maisha yangu yote nimezoea kila kitu kikae kwa kipimo chake. Na hakuna kitu nilichokitunza kwa kipimo kizuri kuliko ugomvi wangu na mdogo wangu Desmond, anayekaa ng'ambo ya daraja.

Ugomvi wenyewe ulianza siku ya mazishi ya mama yetu. Nilitengeneza mikate ya mayai ya wafiwa, ile ya vipande vya mkate vyenye mayai ya kuchemsha katikati, kwa mikono yangu mwenyewe, nikakataa msaada wa mke wangu Avril, ambaye anajua kupika. Desmond akauma mara moja, akaurudisha mkate kwenye sahani, akasema mbele ya mchungaji na majirani: "Norman, huu mkate umekauka kama boksi." Nikamjibu kwamba angalau mimi nimeleta kitu, yeye ameleta mdomo. Tangu siku hiyo hatukusemeshana tena.

Sijui kama unaelewa kazi ya kutunza ugomvi katika kijiji chenye duka moja. Inabidi ujue mwenzako ananunua maziwa lini. Inabidi uvuke barabara mapema, bila kuonekana unakimbia. Kanisani nimekaa nyuma ya nguzo miaka yote hii, na shingo yangu imepinda upande. Krismasi Avril huwapelekea kadi, nami husisitiza isainiwe "Familia ya Pocock" tu, bila jina langu, ili waone ubaridi. Avril hunikumbusha kwamba na wao ni familia ya Pocock, na kadi inaonekana kana kwamba wamejitumia wenyewe. Hayo ndiyo mambo niliyoyavumilia. Sasa yote yamekwenda bure, na kamati yako ndiyo ya kulaumiwa, kwa sababu zifuatazo:

1. Tangazo. Mlibandika kwenye mlango wa duka kwamba maua ya kengele za buluu yamefikia kilele, watu waje wiki hii kabla mvua kubwa ya Jumamosi haijayalaza. Ndugu Katibu, mama alikuwa akitupeleka Pinnock kila majira ya kuchipua tukiwa wadogo, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Tangu afe, mimi huenda kuyaona maua Jumanne, Desmond huenda Jumamosi. Hatukupangiana. Ni utaratibu uliojijenga wenyewe, kama mito inavyojichimbia njia. Kwa tangazo lenu mlimhamisha mtu wa Jumamosi mkamleta Jumanne, bila kuuliza anagombana na nani.

2. Maua. Yamezidi. Nilikwenda kuyatazama kwa muda mfupi, mikono nyuma, kama ninavyofanya kila mwaka. Lakini mwaka huu chini ya miti kote kulikuwa kumejaa buluu, hadi kule mteremko unakoishia kwenye kijito, na jua lilikuwa linapenya kwenye majani mapya, na kigogota alikuwa anagonga mahali fulani juu kama fundi asiye na haraka. Nikajikuta natabasamu. Peke yangu, mtu mzima, mkaguzi wa mizani. Mtu hawezi kushika hasira yake vizuri katika mazingira ya namna hiyo. Nilipofika langoni nilikuwa tayari nimelegea, na hilo linapaswa kuzingatiwa. Naomba yapunguzwe, hasa yale ya upande wa kushoto.

3. Lango. Hapa ndipo penye shauri lenyewe. Unalijua lile lango la chuma linalobembea ndani ya kizimba, ambamo mtu mmoja huingia, hulisukuma, ndipo akatoka upande wa pili. Mnaliita lango la busu, eti aliyetangulia ana haki ya kumdai busu anayefuata kabla hajamfungulia. Mimi nilikuwa natoka, naangalia matope. Mwenzangu alikuwa anaingia, anahangaika na kifungo cha koti. Tuliinua macho tukiwa wote wawili ndani ya kizimba, tumbo kwa tumbo.

Alikuwa Desmond.

Nilimsubiri arudi nyuma, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Naye, nadhani, alinisubiri mimi, kwa kuwa yeye ndiye mnene. Nyuma yake watu walianza kupanga foleni, wa kwanza akiwa mama mmoja mwenye mbwa wawili wa masikio marefu, ambaye baadaye nilijua anaitwa Pru. Nyuma ya huyo kikajipanga kikundi kizima cha watembeaji kutoka Ludlow, na fimbo zao.

Nikamwambia Bi Pru, "Samahani mama, tafadhali mwambie huyo bwana arudi nyuma apishe."

Bi Pru akamwambia Desmond, "Anasema urudi nyuma."

"Nimemsikia," Desmond akasema, "yuko puani mwangu. Mwambie mimi ndiye niliyetangulia kushika lango."

"Anasema yeye ndiye..."

"Nimemsikia, mama. Mwambie lango halishikwi kwa tumbo."

"Jamani," akasema Bi Pru, "kwani nyie mnafahamiana?"

"Hapana," tukajibu kwa pamoja.

Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Mbona pua ni moja?"

Watu wa Ludlow wakakohoa. Mmoja wao akasema tusijali, wao hawana haraka kabisa. Ndugu Katibu, huo ndio ubaya wa watu wetu. Taifa lingine lingetupigia kelele, tukaona aibu, tukatoka. Wetu walifungua chupa za chai.

Mwishowe niliamua kurudi nyuma, kwa ukubwa wa moyo. Lango likakataa. Mkanda wa begi la Desmond ulikuwa umenasa kwenye komeo, na kadiri alivyovuta ndivyo kizimba kilivyotubana. Tukawa hatuendi mbele wala nyuma, ndugu wawili wazee kama sardini ndani ya kopo, mbele ya hadhara.

4. Mvua. Tangazo lenu lilisema Jumamosi. Ilinyesha Jumanne ileile. Nikafungua mwavuli wangu, ambao kwa bahati mbaya ni mkubwa, ule wa mchezo wa gofu ambao sijawahi kuucheza. Nilijitahidi kuushika upande wangu tu. Jaribu wewe kumnyima mtu mwavuli akiwa amekuegemea kifuani. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni. Amekonda usoni, Ndugu Katibu. Kutoka nyuma ya nguzo mtu haoni hilo. Nikausogeza mwavuli. Nilifanya hivyo kwa sababu maji yake yalikuwa yananirukia, si kwa sababu nyingine yoyote.

"Asante," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe tangu mazishi, na nilitamkiwa ndani ya mali yenu.

5. Chakula. Kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, Desmond aliingiza mkono mmoja kwenye begi, akatoa mkate wa mayai uliofungwa kwenye karatasi, akaumega vipande viwili. "Kula," akanipa kimoja. "We Norman, usiniangalie hivyo. Kula."

Nilikula. Ulikuwa mkavu kupita maelezo. Ulinikwama hapa kooni. Nikamwambia ukweli, kama mtu wa vipimo: "Desmond, huu hauliki."

"Najua. Najitengenezea kila wiki, na kila wiki hauliki."

"Sasa siku ile ulinisema mimi kwa kitu gani?"

Akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, hata mbwa wakakaa chini. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa siwezi kumeza kitu, kaka. Hata maji. Koo lilikuwa limefunga kabisa. Nilidhani ni mkate."

Nilikuwa na majibu yangu nimeyatayarisha miaka yote, mengine makali sana, nimeyasemea bafuni na kwenye bustani ya kabichi, na hata moja halikufaa. Nikasema tu, "Na mimi nilidhani ni mkate."

Hapo ndipo tukaanza kucheka. Cheko baya, la mafua na machozi. Tulipokuwa hatuwezi kujizuia, Bi Pru alinyoosha mkono, akauchomoa ule mkanda kama anavyofungua kamba ya mbwa, na lango likabembea wazi.

"Haya, mko huru," akatuambia.

"Subiri kidogo, mama," Desmond akasema, "tunaongea."

Na foleni nzima ikasubiri kwenye mvua.

6. Busu. Sitalieleza kwa kirefu. Watu wa Ludlow walisema sheria ya lango ni sheria. Desmond alinibusu kwenye paji la uso. Kuna mtu alipiga makofi.

Ndugu Katibu, hebu fikiria hasara niliyopata. Leo asubuhi nilikwenda dukani siku yake ya maziwa, nikamkuta, na sikuwa na barabara ya kuvuka. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Jumapili nitakaa wapi kanisani? Shingo imeshazoea nguzo. Na jioni, ambapo miaka yote nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu na kuyapanga yale majibu makali, jana nilikaa tu. Avril anasema nimeanza kuimba jikoni na anaomba niache.

Kwa hiyo naomba kamati ifanye yafuatayo: lango la busu liondolewe na pawekwe malango mawili, moja la watu wanaosemeshana, jingine la wasiosemeshana, na kati yake ukuta. Tangazo la mwakani liwe na onyo kwamba mgeni anaweza kukutana na ndugu yake. Na kama haiwezekani, basi kamati iniandikie rasmi kukiri kwamba ilinichukulia kitu nilichokitunza kwa uangalifu na kwamba haina namna ya kukirudisha.

Salamu zangu kwa mumeo, kwa mchungaji, kwa wanakwaya wote wa sauti zote, na kwa Bi Pru ukimwona, pamoja na mbwa wake, ambao walikuwa na adabu kuliko mimi.

Nabaki kuwa wako, niliyelowa hadi mifupani lakini mwenye heshima zote,

Norman Pocock

Tanbihi: Avril ameniambia mnatafuta watu wa kufyeka miiba na upupu kando ya kijito mwisho wa mwezi. Tuandike wawili, mimi na Desmond. Tutakuja kwa gari moja. Kuhusu glavu, mimi nitavaa zozote, lakini mtafutieni yeye zile kubwa kabisa. Jana nilipomshika mkono kumsaidia kuvuka matope niliona kwamba, kadiri anavyozeeka, mikono yake imekuwa kama ya baba yetu.