Kumbe ya Dakika ya Thelathini

Ilitangazwa asubuhi na mapema, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba tatizo la kufundisha sayansi katika shule za sekondari limekwisha. Si kwamba limepungua. Limekwisha. Kuanzia Jumatatu, ulisema waraka, hakuna mwalimu atakayehangaika kutayarisha somo, kwa kuwa masomo yote yameshatayarishwa, yamefungwa kwenye maboksi ya kijani, na kilichobaki ni kufungua tu. Waraka ulitiwa sahihi na Afisa Mwandamizi wa Idara ya Masomo Yaliyo Tayari, "mwenye uzoefu wa miaka tisa ya kufundisha sayansi darasani bila kuvunja hata testi tyubu moja."

Afisa huyo wenzake ofisini walimwita Bwana Tayari. Hawakuwa na ubaya. Ukimuuliza barua imefikia wapi, anakujibu tayari. Ukimuuliza chai, tayari. Wiki ile jengo zima lilipokosa umeme na mkubwa akataka kujua hali ikoje, alijibiwa kwamba giza liko tayari. Alikuwa mtu wa tumbo la heshima na nyusi nene mno, nyusi za kuchana, na kwa kweli alikuwa akizichana kila asubuhi kabla ya kukagua mafaili.

Boksi lenyewe lilikuwa kazi ya watu waliokaa vikao. Ndani yake mlikuwa na vifaa, maelezo ya kila dakika, maneno ya mwalimu, maswali ya wanafunzi na majibu ya maswali hayo. Mlikuwa na kadi ya Mwanafunzi Mdadisi, kadi ya Mwanafunzi Anayechelewa Kuelewa na kadi ya Mwanafunzi Anayenyamaza. Dakika ya kumi na nane palikuwa na mzaha ulioidhinishwa: "Chuma hiki hakikuchumwa shambani." Darasa licheke sekunde nne. Anayetaka kucheka zaidi aandike barua.

Lakini jambo ambalo Bwana Tayari alijivunia kuliko yote lilitoka Kamati ya Mshangao. Kamati hiyo ilikaa siku tatu kuamua wanafunzi waseme nini pale ukweli wa kisayansi unapowafunukia. Wengine walitaka "Aaa." Wengine "Ala." Mjumbe mmoja mwenye msimamo mkali alitaka "Loo" na hakuambilika. Bwana Tayari alipigania "Kumbe" kufa na kupona, kwa hoja kwamba "Aaa" ni ya mtu anayechunguliwa koo. Mwishowe "Kumbe" ikapita: yenye e moja, isiyovutwa, itamkwe na darasa zima kwa pamoja, dakika ya thelathini kamili.

Halafu pakawa na suala la lugha. Rasimu ya somo la kwanza, la kuchanganya unga wa chuma na salfa kisha kuupasha moto mchanganyiko, ilimkera. Salfa ndiyo nini? Akaichukua kamusi kuukuu ya idara, ile iliyokuwa ikizuia mlango usijifunge, akapekua, mlango ukajifunga, naye akapata alichokitaka. Pameandikwa kwamba salfa ni kiberiti. Akawauliza wajumbe, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, kwa nini tuazime salfa na kiberiti tunacho. Wajumbe wakapiga makofi. Kalamu nyekundu ikapita ukurasa kwa ukurasa, salfa ikafa yote.

Rasimu ikashuka bohari. Mtunza bohari, mtu mtiifu asiye na makuu, akasoma "kiberiti", akaagiza kiberiti. Kile cha kuwashia jiko. Viberiti vitano kwa kila boksi la kijani, njiti arobaini kila kimoja.

Ilikuwa imebaki hatua moja. Katibu Mkuu wa wizara angekwenda kwenye shule moja kutazama somo la mfano. Likienda neno kwa neno kama lilivyoandikwa, maboksi yanakuwa sheria na Bwana Tayari anakuwa mkurugenzi, mwenye kiti kile cha ngozi kinachozunguka. Lisipokwenda, anarudi kwenye kiti chake cha mguu mmoja mfupi. Mkewe alikuwa ameshawaambia majirani, na majirani wenyewe ni wale wasiosahau.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi hiyo akimnyooshea kola, "leo ukirudi bila hicho kiti, mimi nitapita njia gani kwenda dukani?"

"Mama watoto, hesabu iko tayari."

Aliposikia ni shule gani Katibu Mkuu ameichagua, alikohoa kidogo. Akapendekeza nyingine, yenye bustani nzuri zaidi. Akaambiwa hawaendi kuangalia maua.

Maabara ya shule hiyo ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, sinki nne ambazo mbili zilitoa maji, na picha ya mifupa ya binadamu iliyochanika taya, ikawa kama inacheka jambo la zamani. Kwenye benchi la nyuma mwanamke mtu mzima aliyevaa koti la buluu alikuwa akifuta testi tyubu mojamoja na kuzipanga kwenye kishikio chake. Shule nzima ilimwita Mama Maabara. Alikuwa fundi wa chumba hicho tangu vigae vyake vikiwa vyeupe. Akamwangalia Bwana Tayari, akaacha kufuta.

"Sura yako naifahamu, mwanangu."

"Nina sura ya watu wengi, mama."

"Hapana, naifahamu. Ila kuna kitu kimezidi."

Bwana Tayari akacheka kiofisa, akasogea mbele haraka kuliko tumbo lake lilivyopenda.

Mwalimu wa kemia, ambaye watoto walimwita Madamu, alikuwa amelifungua boksi la kijani na sasa amesimama mbele yake kama mtu aliyefungua sufuria akakuta kiatu. Waraka ulikuwa umeeleza kwamba mwalimu atakayekwenda kinyume na boksi atahamishiwa Kitengo cha Kuhesabu Viti, na Madamu alikuwa na miaka kumi na mbili ya masomo aliyoyaandika kwa mkono wake. Kwa hiyo alianza taratibu.

"Afisa, hapa pameandikwa kiberiti."

"Ndiyo."

"Na ndani kuna kiberiti."

"Sasa tatizo liko wapi, mwalimu?"

"Kinachotakiwa ni kiberiti kile kingine. Unga. Wa manjano."

Bwana Tayari akamwonea huruma. Akamfafanulia kwa upole kwamba viberiti vina maboksi ya manjano, ya buluu na hata yenye picha ya simba, ila rangi ya boksi haibadilishi sayansi. Madamu akamtazama kwa muda unaotosha kuchemsha yai. Kisha akasema ikiwa ndivyo, basi aandike pembeni mwa ukurasa kwamba kiberiti kilichomo ndicho, atie sahihi. Bwana Tayari akatia, na akaongeza mkia chini ya jina, maana sahihi ya mkurugenzi inahitaji mkia.

"Na kupasha moto sipashi," Madamu akamalizia. "Nipeleke nikahesabu viti."

Hapakuwa na nafasi ya kujibishana. Katibu Mkuu ameingia: bwana mfupi, miwani, daftari dogo, mtu wa maneno machache. Bwana Tayari akamkaribisha kwa hotuba fupi ya dakika sita, ambamo miaka yake tisa darasani ilitajwa mara nne. Saa ya ukutani ikapangwa. Kiranja wa darasa, msichana mwenye sauti ya kengele, akasimama chini yake na kadi ya mshangao mkononi, kazi yake ikiwa kutoa ishara muda ukifika. Bwana Tayari alikuwa amemwambia mwenyewe: litokee litakalotokea, dakika ya thelathini ni dakika ya thelathini.

Somo likaanza, na lazima tuseme kweli, lilianza vizuri. Madamu alisoma maneno yake kama mtu anayesoma bili ya maji. Kadi ya Mwanafunzi Mdadisi ilikuwa imemwangukia kijana ambaye tangu aanze sekondari hakuwahi kuuliza hata choo kiko wapi. Akasimama, akasoma swali lake lote pamoja na maneno "akune kichwa kidogo." Kadi ya Anayenyamaza ilikuwa imempata msichana wa benchi la pili ambaye kwa kawaida huuliza mpaka walimu wanajificha. Tangu maboksi ya viberiti yatolewe, mkono wake ulikuwa juu, na Bwana Tayari akipita alimnong'oneza kwamba hana zamu.

Dakika ya kumi na mbili ikaja sumaku. Kwa mujibu wa ukurasa, sumaku ingevuta chuma na kuacha kiberiti. Ikapitishwa juu ya rundo la unga wa chuma na njiti. Chuma kikaruka kikaganda kwenye sumaku. Njiti zikabaki zimelala pale pale.

"Kama ilivyoandikwa," Bwana Tayari akamwambia Katibu Mkuu, huku moyoni akikizungusha kile kiti, kwanza kulia, halafu kushoto.

Dakika ya kumi na nane watoto wakacheka sekunde nne. Mmoja akazidisha nusu, akajirekebisha.

Dakika ya ishirini na tano: mwalimu apashe moto mchanganyiko. Madamu akaweka karatasi mezani. Akawaambia wanafunzi wasogee nyuma benchi mbili, jambo ambalo halikuwa kwenye boksi, kisha akakunja mikono.

Katibu Mkuu akainua kichwa. "Mbona pamekwama?"

Hapo Bwana Tayari akaona mambo mawili kwa mpigo: kiti kikizunguka kuelekea mlangoni, na mkewe akipita kichochoroni kwenda dukani. Akavua koti lake la suti. Akatwaa koti jeupe lililotundikwa, likagoma kufungika tumboni, akaliacha wazi. Akatangaza kwamba mwalimu kijana huingiwa na woga, hilo ni la kawaida, ila mkono uliofundisha miaka tisa hautetemeki. Madamu akamsogezea miwani ya kinga. Akaivaa, kwa kuwa ilimpa sura ya mtaalamu.

Somo lilitaka gramu mbili za kiberiti. Akavunja vichwa vya njiti, maboksi mawili mazima, akavimimina kwenye testi tyubu pamoja na unga wa chuma, akashindilia kwa kidole. Nyuma kabisa Mama Maabara akaweka chini kitambaa chake, akainua ndoo ya mchanga. Hakuwa na haraka. Alikuwa na mwendo wa mtu aliyewahi kupita njia hiyo.

"Tazameni kwa makini," akasema Bwana Tayari, akaiweka testi tyubu juu ya moto.

Wakatazama. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu pakasikika "fuuuu", kama paka mkubwa aliyekanyagwa mkia, na ulimi wa moto ukatoka kwenye mdomo wa testi tyubu, ukapanda, ukamlamba paji la uso, ukarudi. Testi tyubu ikapasuka, pa. Mchanga ukamwagwa juu ya benchi na juu ya viatu vya Bwana Tayari. Moshi ulipopungua, alikuwa bado amesimama wima, mzima, kibano mkononi, miwani usoni. Juu ya miwani, pale palipokuwa na zile nyusi za kuchana, palikuwa na ngozi tupu inayong'aa.

Wanafunzi wakazigeuzageuza kadi zao. Hapakuwa na kadi ya jambo hilo.

Katibu Mkuu akakohoa, akafungua daftari lake. "Hii nayo imo kwenye boksi?"

"Mheshimiwa," Bwana Tayari akaanza, na sauti ilikuwa ya kutosha kwa mtu wa hali yake, "hapa kuna uzembe wa mwalimu. Asiyejua kiberiti ni kipi hafai kushika kemia. Mimi katika miaka yangu tisa—"

Madamu akasogeza ukurasa. Katibu Mkuu akasoma pembeni, akafuata ile sahihi mpaka mwisho wa mkia wake, akageuza karatasi kuona kama mkia unaendelea upande wa pili.

"Wewe ungetumia nini, mwalimu?"

"Salfa, mheshimiwa. Iko kabatini."

Ndipo Mama Maabara akafika mbele, ndoo mkono mmoja, mkono mwingine daftari kubwa lenye gamba la nguo lililochakaa pembe. Akalilaza mezani mbele ya Bwana Tayari, na kalamu juu yake. Lilikuwa Daftari la Vilivyovunjika. Katika maabara ile, awe mwanafunzi au mkubwa, anayevunja anaandika jina.

"Andika, mwanangu. Testi tyubu moja." Kisha akainama, akamkagua uso kwa karibu kama anayekagua ufa. "Ee. Sasa ndiyo nimekujua. Nilisema kuna kitu kimezidi. Zilikuwa nyusi. Mimi nilikuzoea hivi hivi ulivyo sasa."

"Mama, umenifananisha."

Mama Maabara hakubishana na mkubwa. Alilowesha kidole ulimini, akafunua kurudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka kwenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai, akasimama kwenye ukurasa mmoja uliojaa mwandiko wa aina moja. Kila mstari ulikuwa na sahihi, na kila sahihi ilikuwa na mkia.

Katibu Mkuu akaweka ukurasa wa boksi kando ya ukurasa wa daftari. Akatazama mkia huu. Akatazama mkia ule.

"Nisomee, mama."

"Siku ya kwanza, testi tyubu sita. Siku ya pili, testi tyubu kumi na moja na kipimajoto. Siku ya tatu alikaa tu, akavunja kiti. Siku ya tano, taya la picha ya mifupa, hatujui ilikuwaje. Siku ya nane, pazia. Siku ya tisa..." akasogeza daftari mbali kidogo na macho, "siku ya tisa, nyusi. Mwenyewe aliandika, nikamwambia nyusi si mali ya shule, akasema ataandika tu."

"Mwaka wa kwanza huo," akasema Katibu Mkuu. "Na miaka minane iliyofuata?"

"Miaka gani, baba? Siku ya kumi hakuja. Tukasikia kaenda ofisini."

Bwana Tayari akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuwa na kitu kilicho tayari.

Chini ya saa ya ukutani, kiranja akaangalia mshale. Akaangalia kadi yake. Litokee litakalotokea, aliambiwa. Akainua mkono, akaushusha.

"Kumbe," likasema darasa zima kwa pamoja, kwa e moja, bila kuvuta.