Watu Wangu Hawakosei Rangi

Jumatatu, 10 Machi 2025
Linah amenipima leo. Nilikuwa nakanda unga wa mandazi, akasema Mama, nawa mikono, wewe ndiye mtu wangu wa kwanza. Nikafurahi. Anasomea saikolojia, na hii ndiyo kazi yake ya mwisho chuoni. Bila hiyo hamalizi.

Akaweka karatasi mezani. Neno KIJANI, wino mwekundu. Neno BLUU, wino wa manjano. Nisisome neno, nitaje rangi ya wino tu, haraka, na yeye ameshika simu anapima muda.

Nikasoma neno. Kila mara, neno. Niliacha shule darasa la tano, na kila herufi ninayoijua niliipigania. Nikiiona, mdomo unaitamka wenyewe.

Linah akacheka. Akasema safi sana, Mama, umekosea vile nilikuwa nataka.

Mtoto wa tumbo langu. Anafurahi nikikosea. Nimekanda ule unga mpaka ukawa mgumu kama kandambili.

Jumanne, 11 Machi
Mama Vivian amepita kwenye kibanda changu cha chai. Zamani tuliuza sukuma wiki pamoja, gunia moja la kukalia. Sasa anakaa Elgon View kwa matajiri, na hashuki kwenye gari, anateremsha kioo. Vivian wake, wanasoma darasa moja na Linah, amemaliza kazi yake na mwalimu amemsifu. Akauliza kama Linah amepata watu wa kupima. Nikamwambia amepata watu wa maana. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Hao watu ni wateja wangu. Linah atawapima Alhamisi hapa hapa Kiplombe. Niliwaangalia wakinywa chai: Wakoli fundi wa viatu, Shamsa wa duka la pili, vijana wa bodaboda. Watakosea wote. Halafu wasomi watasema watu wetu hawajui nyekundu na kijani. Na nani anapewa alama kwa kuleta watu wa kushindwa?

Nimetoa karatasi moja kwa mkoba wa Linah. Nimeazima tu.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata dawa. Ukifinya macho nusu, kama umeingia jiko la moshi, herufi zinavurugika, rangi inabaki. Nimemaliza karatasi yote bila kukosa.

Nimewafundisha wote, na atakayepita anapata mandazi. Shamsa akauliza kama hii si kuiba mtihani. Nikamuuliza, macho ni yako, unamwibia nani? Wakoli akasema kwa mandazi mbili yuko tayari kufumba kabisa.

Alhamisi, 13 Machi
Wamepita. Wote. Mimi nyuma ya sufuria najikaza nisitabasamu.

Lakini uso wa Linah ulikuwa unazidi kukunjika. Akampima Wakoli mara ya pili. Akamuuliza kama macho yanamuuma. Huyo mtu, hata hakubanwa, akajibu hapana madam, ndivyo Mama Linah alitufundisha, na akaniuliza mandazi zake ziko wapi.

 Linah akakusanya karatasi zake. Nikammiminia chai, akasema hataki.  Mandazi zangu wateja walikula, hata hivyo.

Ijumaa, 14 Machi
Amenieleza akiangalia ukuta. Haukuwa mtihani. Alitaka watu wakwame, aonyeshe vile kusoma kunamwingilia mtu hata kama hataki. Hakuna aliyekwama, kwa hivyo hana cha kupeleka. Mwalimu amempa mpaka Jumatano. Asipoleta, anarudia mwaka.

Akasema karatasi nzuri ni moja tu. Yangu.

Nikamwambia basi tuitoe kopi nyingi, tuandike majina ya watu.

Akatoka nje. Nilikuwa nasaidia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani Mama Vivian ameniuliza watu wa maana wanaendeleaje. Nikasema bado kidogo. Akasema pole. Hiyo pole ilinukia marashi.

Lakini Linah ameongea na mimi. Kesho anaenda Cheptiret kwa dada yangu Janice, apime watu wapya. Ameniomba kitu kimoja tu: nisifanye chochote. Akanishika mkono, huu wenye alama za mafuta moto, akasema anajua nilitaka mema. Akanywa chai, akaongeza kikombe. Nikaapa mbele yake. Nililia nikiosha vyombo.

Halafu nikafikiria. Cheptiret ndiko nilikoolewa. Wananijua. Wakwame, sawa, mtoto amesema wakwame. Lakini kukwama sana mpaka waonekane wajinga, hiyo ni aibu ya nani?

Linah alipoingia kuoga nikampigia Janice. Nimemwambia awaambie wafinye jicho moja tu.