Simbamarara wa Bi Khulood

Ghaith wa Darsait, Maskati, alikuwa akiuza asali ya Jabal Akhdar, aliyoipika mwenyewe kwa sukari na zafarani, siku alipokiona kiwambo. Kilisimama sebuleni kwa Bi Khulood, Madinat Sultan Qaboos: mbao sita za kukunjana, zimepakwa dhahabu, na juu yake simbamarara wawili waliochorwa na Mjapani ambaye, wallahi, hakupata kumwona simbamarara. Alitazama ngozi moja na paka wa jirani, mengine akamwachia Mungu. Marehemu mume wa Bi Khulood alikileta kutoka Osaka. Sasa kilificha meza ya pasi na godoro la Nakayiza, mtumishi kutoka Uganda.

Ghaith akatoka nje kupiga simu. Murshid, tajiri wa vitu vya kale, akasema riali elfu nne. Ghaith akarudi ndani na uso wa msiba.

"Bi Khulood, picha zenye roho ndani ya nyumba? Malaika hawaingii, mama yangu. Na binti yako Raghad bado hajaolewa?"

"Thelathini na mbili sasa!"

"Sishangai. Nipe mie nkakitie moto, nipate thawabu."

"Njoo Jumamosi," akasema Bi Khulood.

Lakini Bi Khulood si mtu wa kuachia kitu. Kila Ijumaa huwasimulia wageni, machozi yakimtoka, jinsi mama yake alivyotolewa Unguja mwaka sitini na nne bila hata karatasi ya kumtambulisha. Wakati huohuo pasipoti ya Nakayiza imo mkobani mwake, miezi minane baada ya mkataba kwisha. Kumbukumbu tunazo nzuri sana. Tunachagua tu cha kukumbuka.

Jumamosi asubuhi Ghaith alimkuta anang'ara.

"Nimeuliza, mwanangu! Kichwa kikiondoka, si picha ya roho tena. Nimemwambia Nakayiza avifute."

Simbamarara hawakuwa na vichwa. Kila mmoja alikuwa na donge jeusi la rangi ya geti. Ghaith akaketi bila kukaribishwa.

"Ila sasa kinanchukiza," akasema Bi Khulood. "Kichukue. Nipe riali hamsini."

"Hamsini? Si nlikuwa nakichoma bure?"

"Kuchoma ulitaka wewe. Kuuza nataka mie."

Akaenda kusali Dhuha. Nakayiza akaleta kahawa, akainama karibu.

"Kaka, nilikusikia na ile simu yako. Elfu nne."

"Nyamaza wewe!"

"Sikiza. Nilibandika karatasi kwanza na uji wa wanga, ndiyo nikapaka. Vichwa viko chini, safi kabisa. Lakini ukitoa vibaya, dhahabu yote inakuja nayo."

Ghaith alifufuka. "Nionyeshe basi, dada yangu!"

"Pasipoti yangu kwanza. Tiketi ninayo, ndege ni leo saa kumi. Wewe una mdomo. Madam anakuamini, sijui kwa nini."

Basi Bi Khulood alipokunja msala, Ghaith, kwa mara ya kwanza tangu abaleghe, akasema kweli.

"Bibi, sheria ya nchi inakataza kushika pasipoti ya mfanyakazi. Na jirani yako keshaanza kuulizauliza."

Sentensi ya pili ilikuwa uongo, alhamdulillahi. Ile ya kwanza ilimchoma ulimi.

"Jirani yupi? Yule wa ukuta wa njano?" Mkoba ukafunguka. "Mpe, mpe aende zake! Khalas! Sitaki maneno mlangoni kwangu!"

Ghaith akalipa hamsini, akampa Nakayiza pasipoti yake barazani. Nakayiza aliifungua, akaitazama picha yake kitambo kama anayemkumbuka mtu, akaitia kifuani.

"Maji ya vuguvugu na siki," akasema. "Kitambaa laini. Polepole." Teksi ikamchukua.

Kule Darsait, Ghaith alikunja kanzu na kusugua. Alisugua mpaka siki ikamtoa machozi. Karatasi hakuiona. Alichokiona ni dhahabu ikimganda vidoleni, na chini yake mbao kavu. Saa tisa na nusu akapiga namba aliyomwomba Nakayiza pale barazani. Nyuma ya sauti ya Nakayiza palikuwa na matangazo ya ndege.

"We mwanamke! Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani? Madam alisema nipake, nikapaka."

"Nnasugua tangu adhuhuri!"

"Pole, kaka. Mimi nimesugua miaka mitatu. Endelea tu, mkono utazoea."