Kibuyu cha Pili cha Shangazi

Leo nimeaibika mbele ya mtemi, tena nikiwa na diploma mkononi!

Mnawakumbuka waliosema mtoto wa mchunga mbuzi wa Iguguno hatarudi na karatasi yoyote kutoka Dar es Salaam? Nimerudi nayo. Ni ya utabibu, ina muhuri. Na leo nilikuwa niende barazani, mtemi aamue kama zahanati mpya ataniachia mimi au ataleta mgeni.

Kabla sijatoka, shangazi akaja na vibuyu viwili vya togwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kunywa, usisimame mbele za watu na njaa."

Akaonja changu kwanza, kama ilivyo desturi, kuonyesha hakina sumu. Lakini alionja kidogo mno! Na kile cha pili akakiweka nyuma ya mgongo wake. Anaficha nini? (Uchawi siuamini, mimi nimesoma. Ila shangazi hajanitazama vizuri tangu mwanawe ashindwe mtihani niliofaulu.) Alipoinuka kufukuza mbuzi, nikabadilisha vibuyu. Nikamaliza chake chote. Kina asali! Kumbe kitamu anajiwekea mwenyewe.

Barazani nikasoma diploma kwa sauti. Nikaeleza jinsi nitakavyowaachisha watu kunywa majani ya vichakani. Tumbo likanguruma. Nikapandisha sauti. Nalo likapandisha.

Mara shangazi huyo, anahema. "Nani kanywa dawa yangu? Siku ya nne leo sijapata choo! Nimechemsha msanamaki, nikauchanganya na togwa!"

Msanamaki! Kile kichaka cha maua ya njano nyuma ya zizi letu, ambacho bibi alitunywesha tumbo likifunga, na majani yake akatusugulia choa.

Baraza zima likanigeukia. Mtemi akauliza taratibu, "Daktari, dawa hiyo huchukua muda gani?"

"Imeshafika, Mtemi!" nikajibu nikiwa mbioni. Kaptula ilikuwa nyeupe, ndugu zangu. Nyeupe! Na kichaka nilichokimbilia kilikuwa na maua ya njano.

Jioni tarishi ameniletea diploma niliyoiacha mezani, pamoja na neno la mtemi. Zahanati ni yangu. Sharti ni moja, na aliyeliomba ni shangazi: kila dawa niionje kwanza mbele ya mgonjwa, na isiwe kidogo mno.

Kesho naanza na ya minyoo. Atakayecheka, asije akaugulia upande huu.