Nilivyoungama Mbele ya Mtungi

Jamani, leo nimeaibika. Tena nikiwa nimepiga magoti!

Mnajua nafinyanga mitungi yenye sura za watu wa ukoo wetu, hapa kijijini kwetu Mpemba, karibu na mpaka. Mkubwa kuliko yote ni wa marehemu bibi yangu. Alivuka mpaka kutoka Zambia akiwa bibi harusi, chungu cha mama yake kichwani, akazalia na kuzeekea huku. (Pua nimemwekea kubwa. Ndivyo alivyokuwa.)

Chungu hicho kilivunjika mwaka jana. Nilisema kimevunjwa na mbuzi wa jirani yetu, Mama Tumaini. Mama aliamini, akagombana na jirani, na hawasalimiani mpaka leo. Sasa juzi mdogo wake bibi, Bibi Eliza wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kapiga simu: anakuja kuchukua hata vigae tu, awe na kitu cha mama yao. Mama akamjibu, "Neema amevihifadhi." Neema ndiye mimi. Vigae sina. Usingizi ukaniruka.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Barabara kuu kimya, hata lori moja halisikiki. Nimerudi kutoka kuchota maji, naingia bandani, nakuta nyuso zote za mitungi zimelowa umande. Zilikuwa zinaniangalia. Nikajiambia, acha ujinga, umezifinyanga mwenyewe.

Ko. Ko. Ko.

Mtu anagonga mtungi. Bibi yangu ndiye aliyekuwa na mtindo huo, anagonga kwa kifundo cha kidole halafu anasikiliza kama una ufa. Banda zima sioni mtu. Nywele zikanisimama.

"Kanono!" Sauti nzito, inatokea tumboni mwa mtungi. "Kanono, uli kwi?"

Kanono ni kadogo, kwa Kibemba. Bibi ndiye aliyeniita hivyo, na ananiuliza niko wapi. Na sauti ni yake! Tangu utotoni nimefundishwa, ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Sikuitika. Nilifanya kibaya zaidi. Nilipiga magoti mbele ya mtungi wa bibi, nikaanza kulia.

"Bibi, nisamehe! Mbuzi hana kosa! Nilikiangusha mimi, nilikuwa nachati!"

Kisha mtungi ukauliza, "Na vigae viko wapi?"

(Na mimi nikajibu! Mtu mzima na akili zangu!)

"Vimo humo tumboni mwako, Bibi. Nilivitwanga kwenye kinu nikachanganya na udongo wako, usije ukapasuka motoni."

Hapo kilemba kikachomoza kutoka mdomo wa mtungi wa nyuma. Chini ya kilemba, Bibi Eliza. Kumbe alifika mapema, akainama huko nyuma na kichwa ndani ya mtungi, akitafuta vigae na kuniita kwa sauti ile ile ya dada yake. Na mlangoni yuko mama, kashika kikombe cha chai, kasikia kila neno.

"We Neema! Mwaka mzima simsalimii mwenzangu kwa ajili ya simu yako?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi Eliza akausogelea mtungi wa dada yake, akaugonga, akaweka sikio. Akaupapasa tumbo taratibu, machozi yanamtoka.

"Mama yumo," akasema. "Na dada kanenepa."

Ameondoka nao. Kaupakata kwenye bajaji mpaka mpakani, anausimulia habari za nyumbani kwao, habari za mazishi ambayo dada hakuyahudhuria. Kila baada ya maneno machache ananyamaza, anatikisa kichwa, anasema "eya, eya," yaani ndiyo, kama mtu anayejibiwa. Dereva kageuka mara mbili. Mimi nilikuwa pembeni yake, na naapa sikusikia kitu. Labda kidogo tu.

Sasa nimesimama mlangoni kwa Mama Tumaini, sijui naanzaje. Mkicheka, chekeni polepole, mbuzi wake ananitazama.